Wikendi Njoro: Kupumzika Kweli Katika Mji wa Chuo

Mtu wa Nairobi akisema anakwenda kupumzika, mawazo hukimbilia Naivasha au Nanyuki. Mara nyingi hurudi Jumapili usiku mgongo unauma na mfuko umekauka. Njoro haitajwi sana. Ni mji mdogo upande wa pili wa Nakuru: barabara kuu moja, matatu za kwenda Molo na Mau Narok, mashamba ya ngano, na Chuo Kikuu cha Egerton kilomita chache mbele ya mji. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi na baridi. Uzuri wake kwa mtu aliyechoka ni kwamba hakuna anayekuandama akikuuzia burudani. Ila mji wa chuo una mwendo wake, na mgeni asiyeufahamu hulipa kwa pesa na kwa usingizi. Haya tunayoyaeleza hapa wengi wetu tuliyajua baada ya kuyakosea.

Kabla hujauliza bei ya chumba, uliza chuo kiko wapi katika kalenda yake. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi. Njoro haina msimu wa watalii, ina semista. Wiki ya kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wazazi hufika na masanduku na magodoro, na kila gesti kati ya lango la chuo na mjini hujaa. Wiki ya mahafali ni kali zaidi. Familia nzima zinakodi matatu kutoka kaunti za mbali, wanalala wanne chumba kimoja, na bei ya chumba hupanda bila aibu hadi Nakuru kwenyewe. Ukijikuta umefika Ijumaa ya mahafali bila chumba, usipoteze saa mbili ukizunguka na boda. Rudi Nakuru moja kwa moja.

Kuna pia wikendi ambayo haimo katika kalenda yoyote: ile inayofuata mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kuingia kwenye akaunti. Makomredi, yaani wanafunzi, wakipata pesa, Njokerio, mtaa wa vyumba vya kupanga ulio nje ya chuo, haulali. Spika hulia hadi alfajiri Jumamosi na Jumapili. Si ubaya wao. Ni vijana na ni kwao. Kosa ni la mgeni aliyekuja kutafuta kimya na kukodi chumba katikati ya sherehe ya wengine. Mwulize mwenye nyumba waziwazi kama HELB imeingia, atakujibu.

Upande mwingine, chuo kikifungwa kabisa, kimya kinapatikana lakini mji unakuwa nusu. Vibanda vingi vya chakula hufungwa, magari ya kwenda chuoni hupungua, na boda unaweza kuisubiri muda mrefu. Wikendi inayofaa ni ya katikati ya semista, tuseme wiki ya tano hadi ya tisa, wanafunzi wameshatulia na mitihani bado. Hata wiki za mitihani si mbaya kwa mtu anayetaka utulivu, mradi akubali kwamba hakuna atakayempa soga. Tarehe za semista hutangazwa kwenye tovuti ya chuo. Ijumaa asubuhi piga simu mara ya mwisho, kwa sababu kukitokea mgomo na wanafunzi wakaamriwa kwenda nyumbani, barabara ya Njoro hadi Nakuru hujaa mabegi, na wewe utakuwa unaelekea mahali ambapo kila mtu anatoka.

Mvua nayo. Machi hadi Mei, njia za ndani za Njokerio huwa tope linalovua mtu kiatu. Januari na Februari ni vumbi. Julai kuna baridi ambayo mtu wa Nairobi huidharau mpaka usiku umkute na shati moja. Iwe mwezi wowote, jaketi nzito na soksi ni lazima.

Sasa chumba. Una njia nne. Chuo chenyewe kina hoteli ndani ya uwanja wake, ARC, na faida yake ni kwamba ukitoka mlangoni uko tayari chini ya miti. Njoro mjini kuna gesti za kawaida, karibu na stendi na karibu na baa pia. Njokerio kuna vyumba vya kukodi kwa usiku, vingi vipya na vizuri kwa picha. Nakuru kuna hoteli kubwa za kila aina, lakini ukilala Nakuru umekuja Nakuru. Kila asubuhi utakuwa barabarani tena, kilomita 25 hivi hadi chuoni. Kwa anayetaka kupumzika tunapendekeza ndani ya chuo au pembeni mwa Njoro, mbali na barabara ya Mau Narok ambako malori ya viazi hupita usiku.

Unapopiga simu, usiulize kama chumba ni kizuri. Hakuna atakayekuambia ni kibaya. Uliza maji moto yanatoka wapi. Kama ni bomba la umeme la ukutani, stima ikipotea utaoga maji baridi, na kwa baridi ya Njoro hilo linaweza kuharibu asubuhi nzima. Kama ni ya jua, uliza kama yanabaki moto hadi saa kumi na mbili asubuhi. Uliza kitanda kina blanketi ngapi. Jibu sahihi ni mbili. Uliza kama kuna tangi la maji, na baa iliyo karibu zaidi iko hatua ngapi. Kiamsha kinywa kinaanza saa ngapi Jumapili? Swali hili linaonekana dogo, lakini kuna mahali mpishi huenda kanisani kwanza.

Kuhusu amana, kuwa mkali. Picha zinaweza kuibwa mahali popote. Omba mwenye chumba akupigie simu ya video akitembea kutoka langoni hadi kitandani. Unapotuma kwa M-Pesa, jina linalojitokeza liwe lile uliloambiwa. Likija jina jingine, simama hapo. Tuma nusu, nusu nyingine ulipe ukishaona chumba, na usifute ujumbe wa muamala. Watu wamefika usiku wakakuta nyumba iliyoonyeshwa kwenye picha haiko Njoro hata kidogo. Hakuna hasira inayomkaba mtu kama ile ya kusimama gizani na begi huku namba uliyotumia pesa imezimwa.

Siku ya kuondoka ndipo wikendi nyingi huharibikia. Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi, na mtu hujidanganya kwamba ni saa mbili na nusu. Ijumaa ukiondoka saa kumi na moja jioni, utaiacha saa nzima au zaidi kati ya Kangemi na Rironi, utapanda Limuru na malori gizani, na kufika Njoro karibu saa sita usiku. Jumamosi yote itakuwa ya kulipa deni hilo la usingizi. Tena upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, kwa hiyo ongeza saa moja juu ya hesabu yako ya zamani.

Dawa ni moja kati ya mbili. Omba ruhusa ya nusu siku, uwe umepita Uthiru kabla ya saa saba mchana Ijumaa. Ukikosa ruhusa, lala nyumbani kwako Ijumaa, uondoke Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, uwe Njoro kabla ya saa nne. Utalipa usiku mmoja badala ya mbili, na utafika ukiwa mtu. Wengi huona uchungu kupoteza usiku wa Ijumaa. Usiku ulioupitisha barabarani ulishapotea hata hivyo.

Kwa matatu, magari ya Nakuru hupakia katikati ya jiji, Nyamakima na mitaa ya karibu. Chukua ile ya watu 14 yenye mikanda inayofanya kazi. Kaa nyuma ya dereva kama unapata kichefuchefu kwenye kona, na usikubali begi lako liwekwe mahali usipoliona. Nauli hupanda Ijumaa jioni na kabla ya sikukuu, na makanga hataona haya kuipandisha mbele yako, kwa hiyo ulizia kabla ya kuketi. Nakuru unabadilisha gari. Hapa wageni hukosea sana: kuna matatu zinazoishia Njoro mjini na nyingine zinazofika chuoni, na Egerton iko kilomita tano hivi mbele ya Njoro. Uliza hivi, kwa sauti: "Inafika chuo ama inaishia Njoro?" Ukipanda ile fupi, utashushwa stejini na utalipa boda juu ya nauli.

Ukienda na gari lako, chagua njia kwa saa. Barabara ya juu, ya Limuru na Soko Mjinga, ni bora mchana, ila asubuhi kuna ukungu mzito Kimende na Kinale. Washa taa, usiifuate taa ya gari la mbele kana kwamba ni dereva wako. Barabara ya chini, ya Mai Mahiu, ina malori mengi na mteremko mkali. Tunaitumia tu kama ya juu imefungwa. Ukishavuka Nakuru kwenye barabara ya Eldoret, makutano ya Njoro yako kushoto, kilomita chache tu kutoka mjini. Ukiona Salgaa, umepita mbali sana, geuka.

Mafuta yanahesabika. Kwenda na kurudi ni kilomita 370 hivi, ongeza 50 za kuzunguka, inakuwa 420. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita linahitaji lita 35. Zidisha kwa bei ya EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, ambayo hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Kama safari yako inaangukia karibu na tarehe hiyo, sikiliza taarifa ya habari kabla ya kujaza tangi.

Njiani kuna Kikopey, kituo cha nyama choma karibu na Gilgil, na ni vigumu kupita harufu ile. Nyama inauzwa kwa kilo: uliza bei kwanza, chagua kipande mwenyewe, simama karibu na mizani. Nusu kilo inamtosha mtu mmoja na kubaki. Kuchoma huchukua dakika 45 au zaidi, kwa hiyo ukisimama hapo umeongeza saa moja na nusu. Ijumaa mchana ni sawa. Jumapili ukirudi, usithubutu.

Jumamosi isiwe na kitu kabla ya saa tatu. Acha mwili uamke wenyewe.

Baada ya hapo nenda chuoni kwa miguu. Langoni wanahitaji kitambulisho, si picha yake kwenye simu, na utaandikwa kwenye daftari. Askari akikuuliza unakwenda wapi, usiseme "natembea tu". Sema unakwenda kuona bustani ya mimea, au unakwenda Guildford, taasisi ya maziwa ya chuo, kununua maziwa. Mwenye shughuli inayoeleweka hupita bila maneno. Usipige picha za lango, askari wala vyumba vya mitihani. Egerton ilianza 1939 kama shule ya kilimo, kwa ardhi ya ekari 740 iliyotolewa na Lord Maurice Egerton wa Tatton, ikawa chuo kikuu kamili 1987. Ukitembea ndani yake utaona mara moja kwamba ni shamba lililokuja kuwa chuo: miti mikubwa, ng'ombe, majengo yaliyoachiana nafasi. Hapa ndipo mapumziko yenyewe yalipo. Saa mbili za kutembea polepole, bila mahali pa kufika, zinatosha kukuondolea Nairobi kifuani. Jihadhari na nyasi ndefu za kando ya Mto Njoro baada ya mvua. Vaa viatu vilivyofunika vidole.

Guildford huuza mtindi, jibini na aiskrimu inayotengenezwa palepale. Ulizia Ijumaa wanafungua saa ngapi Jumamosi, usije ukakuta kufuli. Jibini lisafiri Jumapili kwenye kiboksi cha barafu au lisisafiri kabisa.

Ukiingia au kutoka Njoro utaona viwanja vya ngano vilivyogawanywa vipande vidogo vidogo kama leso. Ni vya kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ambako ngano kutoka nchi nyingi hupimwa dhidi ya Ug99, kutu ya shina iliyotambuliwa kwanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Usiingie humo kupiga picha. Spora za kutu hubebwa na nguo na viatu, na unaweza kuondoka nazo hadi shamba la mtu mwingine bila kujua.

Chakula cha mchana kileni Njokerio. Chapati na madondo, ndengu, sukuma, wali na mchuzi: vyakula vimepikwa kwa mfuko wa mwanafunzi, na vibanda vizuri huonekana kwa foleni. Fika kabla ya saa saba. Baada ya hapo madondo hubaki maji. Wengi hupokea M-Pesa, lakini beba noti za 50 na 100, maana mtandao ukigoma mama wa kibanda hana chenji ya elfu moja, na si haki kumwacha na deni kwa sahani moja.

Mchana kuna kasri la Lord Egerton huko Ngata, kati ya Nakuru na Njoro. Lilijengwa kuanzia 1938 hadi 1954, vita vikiingia katikati, na lina vyumba 52. Mwenyeji wa hapo atakusimulia habari ya mwanamke aliyejengewa na akakataa kuhamia, na ya bwana aliyekufa peke yake 1958 bila mke wala mtoto. Sikiliza taratibu, mpe mwelekezaji kitu mwishoni. Wanaifanya kazi yao vizuri. Tatizo ni Jumamosi mchana: harusi, wapiga picha, muziki kwenye nyasi. Kama unataka kusikia hatua zako mwenyewe kwenye ukumbi, nenda Jumapili saa tatu asubuhi, na Jumamosi mchana uitumie kulala. Saa mbili zinatosha kasri lote.

Hapo ndipo mtu huanza kuongeza. "Tuko karibu na Ziwa Nakuru, tupite. Menengai nayo si iko hapo juu?" Iko, lakini hifadhi ya Ziwa Nakuru inahitaji gari, malipo kupitia eCitizen kabla ya lango na si chini ya saa nne ili ada isiwe imepotea. Menengai ina mlima wa kupanda hadi zaidi ya mita 2,270 na jua lisilo na kivuli. Kila kimoja ni safari ya siku yake. Tumeona watu wakifanya vyote vitatu kwa Jumamosi moja. Walirudi na picha 200 na homa. Chagua kimoja, au usichague hata kimoja.

Jioni baridi hushuka haraka baada ya saa kumi na mbili. Kama unakula mbali na unapolala, panga kurudi mapema, kwa sababu matatu hupungua na boda hupandisha bei. Usitembee na simu mkononi kwenye njia za Njokerio gizani. Boda mchukue aliye na kofia ya pili, na mwombe mwenye gesti akuitie anayemjua.

Kwa watu wawili, usiku mbili, kwa matatu, tenga hivi: nauli 4,000, chumba 7,000, chakula 6,000, kasri na boda 2,000, na akiba ya 3,000 ambayo huigusi isipokuwa kuna shida. Jumla 22,000. Bila ile akiba, nauli ikipanda Jumapili utaanza kuhesabu sarafu stejini, na uchungu wa saa moja hiyo utaondoka nao hadi kazini. Ukiwa na 15,000, punguza usiku mmoja, usipunguze akiba.

Jumapili makanisa huanza mapema na spika zao husikika mbali. Asiyependa hilo alale na pamba masikioni, wala asilalamike. Saa tano uwe umefunga begi. Saa sita mchana uwe umeondoka Njoro. Ukichelewa hadi saa tisa, utakuta Nakuru abiria ni wengi kuliko magari, na kwa mwenye gari msongamano utakupokea Kinungi na kukufikisha Rironi usiku. Kukata tiketi ya kurudi siku ya Ijumaa, unaposhuka Nakuru, kunaokoa saa nzima kama sacco yako inakubali.

Kabla ya kuondoka, nunua viazi na karoti za Mau Narok sokoni Njoro. Chagua mwenyewe, na kila kiazi chenye ubichi wa kijani kiache, kwa sababu ule ukijani huja na sumu isiyotolewa na kuchemsha. Debe moja linatosha nyumba ya watu wanne kwa wiki mbili. Gunia zima ni tamaa. Ukifika Nairobi, hata kama umechoka, mwaga viazi sakafuni mahali penye giza na hewa kabla hujalala. Vikibaki kwenye gunia la nailoni hadi Jumatatu jioni vitatoa jasho, na Jumatano utaanza kutafuta harufu inatoka wapi.